NGOZI INAPOBADILIKA RANGI

Maneno ya mwalimu wa shule ya msingi, mkimbizi, aliyoyasema Nyamirambo, Kigali, katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati imeyachapisha kama yalivyosemwa.



Kamati iliponiomba niseme machache juu ya afya, niliandaa somo la kunawa mikono. Ndilo ninalofundisha kila muhula, nalijua kwa kichwa. Mwenyekiti akasoma karatasi yangu, akaikunja, akaniambia: "Mwalimu, haya tumekwisha yasikia. Tuambie habari za uso wako." Nilikaa siku mbili sikumjibu. Siku ya tatu nikaandika upya, na haya ndiyo niliyoandika.

Mlio karibu mnauona. Hapa mashavuni, juu ya mfupa, na pembeni mwa macho, ngozi yangu ina weusi usio wa kawaida, weusi unaoelekea bluu kama masizi ya sufuria, na ukipitisha kidole unasikia vipunje vidogo. Sikuzaliwa hivi. Sikuungua moto, wala sikurogwa kama wengine walivyosema. Nilijipakaa mwenyewe, kila usiku, miaka minne.

Mambo yalianza mwaka 2017, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Tulikuwa tumekimbia Bujumbura mwaka 2015, tumekwisha zoea kambi. Mimba ilipofika miezi mitano nikaona mabaka ya kahawia usoni: paji la uso, mashavu yote mawili, na juu ya mdomo kama masharubu. Hayawashi, hayaumi. Lakini kila aliyenitazama alikuwa na neno. Mmoja akasema ini limeharibika. Mwingine akasema damu ni chafu, ninywe majani fulani. Mama mmoja niliyemheshimu sana akasema mimba hiyo ni ya mtoto wa kike, anamwibia mama uzuri. (Nilizaa mvulana.) Nilikwenda kuuliza mahali pa matibabu, aliyenipokea aliandika bila kuinua macho kwamba sina homa, nirudi nyumbani. Sikumlaumu sana, maana nyuma yangu palikuwa na foleni ya watoto wanaoharisha. Lakini kama angeinua macho mara moja tu na kuniambia maneno matatu, "Haya ya mimba," leo nisingekuwa na hotuba ya kutoa.

Kwa kuwa hakuna aliyenieleza, nilimsikiliza aliyekuwa tayari kunieleza. Huyo alikuwa mwanamke anayepita na mfuko. Alinipa kikopo kisicho na karatasi wala jina, ndani yake mafuta mazito ya rangi ya maziwa ya mgando. Akasema ni mchanganyiko wake, mkorogo mzuri, si ule mbaya. Nilimlipa kwa pesa ya posho. Baada ya wiki tatu mabaka yalififia. Baada ya miezi miwili uso wote uling'aa, na watu wale wale waliosema ini limeharibika wakasema nimependeza. Ndugu zangu, mnajua maisha yetu. Katika mwaka mzima mkimbizi anaweza asisikie mtu akimwambia amependeza. Nilinunua kikopo cha pili.

Sasa niruhusuni nivae koti langu la ualimu kidogo, kwa sababu bila kujua ngozi inafanyaje kazi, yote nitakayosema yatakuwa makatazo, na makatazo tunayo ya kutosha.

Ngozi ina tabaka la juu na tabaka la chini. Mwishoni mwa lile tabaka la juu, pale linapokutana na la chini, kuna chembe hai zinazotengeneza rangi. Rangi hiyo inaitwa melanini. Zinaitengeneza, kisha zinaigawa kwa chembe jirani, na zile jirani zinaiweka juu ya kiini chao kama mtu anavyojifunika kitenge kichwani wakati wa jua kali. Ndiyo kazi yake: kuukinga mwili na miale ya jua. Jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini ni hili: Mzungu, Mhindi na Mrundi wana idadi inayokaribiana ya chembe hizo. Tofauti iko katika kiasi cha rangi zinachotoa, na ukubwa wa vifuko vya rangi hiyo, na jinsi vinavyosambazwa. Ngozi yetu hutoa nyingi. Ni ulinzi tuliopewa bure.

Lakini chembe hizo zina tabia moja. Zikisumbuliwa, zinajibu kwa kutoa rangi zaidi. Chunusi ikivimba, zinatoa rangi. Mtu akijikuna upele usiku kucha, zinatoa rangi. Mafuta ya moto yakikurukia, mbu akikuuma ukajikwangua, tetekuwanga, mkanda wa jeshi, mba, kiatu kinachobana: yote hayo yakipona huacha doa jeusi. Ngozi nyeusi ndiyo inayopata madoa haya zaidi, na yanadumu kuliko kidonda chenyewe. Rangi ikiwa imebaki tabaka la juu, doa la namna hiyo huondoka lenyewe kwa miezi, pengine sita, pengine mwaka. Rangi ikishuka tabaka la chini, inaweza kukaa miaka. Kwa hiyo mtu anayeendelea kubinya chunusi huku anatafuta dawa ya madoa ni sawa na mtu anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka.

Hapa kambini kwetu sababu ya kwanza ya madoa ya watoto ni upele. Tuseme wazi. Wazazi wanakuja kwangu kuniuliza mafuta ya kuondoa madoa miguuni mwa mtoto, na mtoto bado anajikuna mbele yangu. Tibuni upele kwanza. Na upele hautibiwi kwa mtoto mmoja: nyumba nzima inapakwa dawa siku moja, hata baba asiyejikuna, na nguo na mablanketi yanafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Msipofanya hivyo utarudi, na madoa yatarudi nao.

Yale mabaka yangu ya mimba ni jambo lingine. Yanatokana na homoni pamoja na jua. Huwapata hasa wanawake, wenye mimba na wengine wanaotumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango. Kwa wengi yanafifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua, kama hawayachokozi. Nasema tena kwa ajili ya binti zangu mliokaa mbele: hayana uhusiano na ini, wala uchafu wa damu, wala mtoto wa kike. Na anayetumia uzazi wa mpango asiache njia yake kwa hofu ya madoa kabla ya kuongea na muuguzi, kwani kuna njia nyingine.

Kuna weusi unaotokana na dawa tunazomeza. Mtu anameza kotrimoksazoli, ile tunayopewa kwa kifua na kwa tumbo, baada ya saa chache anapata duara jekundu mdomoni, mkononi, au sehemu za siri, linawaka, kisha linabaki jeusi kabisa. Miezi ikipita anameza tena, na duara linarudi pale pale. Huyo mwili wake unaikataa dawa hiyo. Aandikwe kwenye karatasi yake ya hospitali asipewe tena, na yeye aikumbuke kwa jina.

Kuna weusi wa shingoni na kwapani, ngozi inakuwa nene na laini kama mahameli. Huu nimeukosea mimi mwenyewe. Nimewahi kumrudisha mtoto nyumbani akaoge shingo, na mama yake akamsugua kwa jiwe mpaka damu. Haikuwa nongo. Mara nyingi weusi huo huonekana kwa watu wanene ambao mwili wao umeanza kushindwa kutumia sukari vizuri, na ni onyo la kisukari. Dawa yake ni kwenda kupimwa sukari. Mtoto yule na mama yake wapo hapa leo. Naomba radhi mbele ya watu.

Na mtu akiona weusi unaenea mwili mzima, mpaka kwenye fizi na kwenye mistari ya viganja, huku anakonda, anaishiwa nguvu na anatamani chumvi, asitafute mafuta ya kupaka. Huyo ana ugonjwa wa ndani, aende hospitali mapema.

Ndugu wa mashirika, hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kuna weusi wa ngozi unaotoka kwenye sahani, na historia yake ni historia ya wakimbizi. Unaitwa pelagra. Ngozi iliyo wazi kwa jua, mikono, miguu, na shingo kuzunguka kama mkufu, inakuwa nyeusi, inakauka na kuchanika kama gome la mti. Baadaye mtu anaharisha, kisha akili inachanganyikiwa, na asipotibiwa anakufa. Sababu ni upungufu wa vitamini moja inayoitwa niasini. Mahindi yanayo, lakini imefungwa ndani kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuichukua. Wenyeji wa Mexico wamezoea toka kale kuchemsha mahindi yao kwa chokaa, na chokaa inaifungua. Sisi hatuna desturi hiyo. Kwa hiyo anayekula ugali mtupu miezi mingi, bila karanga, bila maharage, bila samaki wala nyama, yuko hatarini.

Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, watu zaidi ya elfu 17. Posho yao ilikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikuwa zimekatika. Hawakufanya kosa lolote, walikula walichopewa. Tiba yenyewe ni vidonge vya bei ndogo na chakula kilichochanganyika. Ndiyo maana tukilalamika maharage yakipungua, ndugu wa mashirika msifikiri ni ulafi. Na kwetu sisi wazazi: pesa ya posho ikija, uji wa mtoto uwe na soya au karanga, walau kidogo, kabla ya kununua kitu kingine. Nasema hivi huku nikijua pesa yangu mimi ilikwenda wapi.

Turudi basi kwenye kikopo.

Mkorogo, jina ambalo hata Wanyarwanda wanalo, wakisema mukorogo, huwa na vitu vitatu, kimoja au viwili au vyote. Cha kwanza ni haidrokwinoni. Hii inazuia chembe zisitengeneze rangi. Daktari wa ngozi anaweza kumwandikia mgonjwa kwa kiasi kidogo, kwa miezi michache, akimfuatilia. Shida ni kuipaka kwa miaka, mwili mzima, kwa nguvu isiyojulikana, halafu kutoka juani. Ikikaa muda mrefu, ngozi inageuka: badala ya kung'aa inaweka weusi wa bluu ndani kabisa, kwenye tabaka la chini. Daktari aliyeitwa Findlay na wenzake waliueleza weusi huo mwaka 1975 kwa wanawake weusi wa Afrika Kusini waliokuwa wakitumia krimu za kujichubua. Nchi hiyo ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990, baada ya madaktari na wapinzani wa ubaguzi kupiga kelele miaka mingi. Uso wangu ni huo huo wa mwaka 1975. Mwanamke anaona weusi umeanza, anadhani dawa imepungua, anaongeza. Mimi niliongeza.

Cha pili ni dawa za jamii ya kotizoni, hasa ile inayoitwa klobetasoli. Ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi, kwa siku chache, mahali padogo. Ikipakwa kila siku, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Mishipa inaonekana, chunusi zinajaa, michirizi inatokea mapajani na mikononi, na hiyo michirizi haiondoki tena. Fangasi wanaenea bila kuonekana vizuri. Kidonda hakifungi upesi. Wakunga wanajua: mama aliyejichubua miaka akifanyiwa operesheni ya kuzaa, ngozi yake inashonwa kwa taabu. Tena dawa hiyo inaingia kwenye damu, inaweza kupandisha sukari na presha, na mwili unaacha kutengeneza kotizoni yake wenyewe.

Cha tatu ni zebaki. Sumu hii haikai kwenye ngozi, inakwenda kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliolazwa Hospitali ya Kenyatta wamevimba mwili kwa ugonjwa wa figo; zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Zebaki ya mama humfikia mtoto tumboni, na mtoto mchanga aliyelazwa kwenye shavu la mama aliyejipaka anaipata vile vile. Mataifa yalitia saini mkataba juu ya zebaki mwaka 2013, mkataba uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake waliangamia kwa samaki wenye sumu hiyo. Mwaka 2023 wanachama wake, wakikutana Geneva, walikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Kukubaliana ni Geneva. Mfuko wa yule mwanamke uko huku.

Serikali zetu hazikulala. Kenya ilipiga marufuku mwaka 2001, Tanzania mwaka 2003. Hapa Rwanda, mwezi Novemba 2018 Rais alipoulizwa juu ya biashara hii alijibu kwamba ina madhara kwa afya, na kwamba Wizara ya Afya na Polisi washughulike haraka. Mwanzo wa 2019 Polisi pamoja na Mamlaka ya Chakula na Dawa walipita madukani Kigali na mikoani wakikusanya makopo kwa maelfu. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilifanya nini wakati huo? Nilinunua kwa siri kwa bei mara mbili. Nalisema hili ili wakubwa wajue kwamba polisi wakimaliza kazi yao dukani, bado kazi nyingine inabaki ndani ya nyumba.

Kilichonisimamisha hakikuwa polisi, wala uso. Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita, miaka 14, msichana mwenye akili sana. Mwaka 2021 nilimwona anavaa sweta wakati wa joto. Nikamwita, nikamwuliza. Akavua sweta, nikaona mikono yake: mieupe kwa mabaka, na michirizi miekundu ndani ya kiwiko kama mtu aliyekwaruzwa na paka. Nikamkaripia. Nikamwuliza nani amemfundisha upumbavu huo. Akanitazama machoni, jambo ambalo wasichana wetu hawafanyi kwa mwalimu, akasema: "Wewe, Mwalimu. Nilimwomba yule mama anipe kile anachokupa wewe."

Ndipo nikaomba rufaa, nikaja Kigali, nikaonana na daktari wa ngozi. Nilimpeleka na mtoto, kwa idhini ya mama yake. Mtoto alikuwa ametumia miezi mitano. Uso wake umerudi, michirizi imebaki. Mimi daktari aliniambia kweli bila kuipaka sukari: weusi wangu ni mgumu kutibika, nikiacha unaweza kupungua kidogo kidogo kwa miaka, na nisimwamini mtu yeyote atakayeniahidi kuuondoa kwa mwezi.

Sasa jinsi ya kuacha, na jinsi ya kutunza. Aliyetumia muda mrefu asiache ghafla bila kumwona muuguzi au daktari, hasa aliyejipaka mwili mzima. Kotizoni ikikatwa kwa siku moja, uso unaweza kuwaka, kuvimba, kuwasha, kujaa vipele, na mwili wote ukalegea. Wengi hapo ndipo wanaporudi kwenye kikopo, wakisema kumbe ngozi yangu imekizoea. Mimi nilipunguza kama nilivyoelekezwa, na bado wiki sita za kwanza nilifundisha nimejifunga mtandio. Zinapita.

Uso unaoshwa kwa maji ya kawaida na sabuni laini, mara mbili kwa siku, kwa viganja. Si kwa jiwe, si kwa gunia, si kwa sabuni ya kufulia. Ndimu, dawa ya meno, maji ya kufulia nguo nyeupe, majivu: vyote hivyo vinaunguza, na ngozi iliyounguzwa inajibu kwa nini? Nyinyi wanafunzi pale nyuma mnajua. Kwa rangi zaidi. Ukimaliza kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka vaselini ya kawaida au gliserini iliyochanganywa na maji. Mwenye chunusi asijaze vaselini usoni. Atumie kidogo, na chunusi zitibiwe.

Jambo kubwa ni jua. Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500, na tuko karibu na mstari wa ikweta. Miale ni mikali hata siku ya mawingu. Doa lolote linalopigwa na jua halifutiki. Kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, kitenge kichwani kinachoteremka usoni, kupanga foleni kivulini: hizo ndizo dawa tunazozimudu. Mafuta ya kujikinga na jua, yale yaliyoandikwa nambari 30 au zaidi, ni mazuri kwa anayeyapata. Kwa mabaka ya mimba, yale yenye rangi ya udongo yanafaa kuliko meupe, kwa sababu mwanga wenyewe tunaouona kwa macho nao unachochea rangi katika ngozi nyeusi. Lakini yakija machache kambini, watoto wetu wenye ualbino wapewe kwanza. Kwao hilo si suala la madoa, ni suala la saratani. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika toka mwaka 1992, na hapo hapo hutengenezwa mafuta ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Maana yake inawezekana kufanyika kwetu huku.

Anayenunua mafuta yoyote asome. Pasipo maandishi, usinunue. Penye maandishi ya Kifaransa au Kiingereza, tafuta maneno haya, nimeyaandika ubaoni: hydroquinone, mercure au mercury, calomel, clobetasol, betamethasone. Ukiona mojawapo, rudisha. Na kama kopo halina hata moja lakini linaahidi weupe kwa siku saba, basi limesahau kuandika.

Kwa mashirika nina maombi matatu, nayatamka kwa heshima. Vaselini irudi kwenye vifaa vya usafi. Ni kitu kidogo, na mama asiye na mafuta ya kupaka ndiye anayemfuata mwenye mfuko. Washauri wa afya wa kambini wafundishwe kutambua madoa ya mimba, upele, pelagra, na lile baka jeupe lisilosikia maumivu, ambalo ni la ukoma na lina tiba ya bure. Na anayepokea wagonjwa ainue macho.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, darasa langu litakuwa wazi. Leteni vikopo vyenu. Hatuandiki jina la mtu. Msivitupe chooni wala msivichome moto, maana zebaki ikichomwa inageuka mvuke na mnaivuta nyote. Vifungeni kwenye mfuko wa plastiki, tutavikabidhi kwa watu wa afya pamoja. Yule mwanafunzi wangu niliyemtaja, sasa yuko sekondari, ameniruhusu niseme habari zake, naye atakaa mlangoni kuwasomea maandishi ya makopo wale wasiosoma. Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Mwenye swali aulize, na mwenye swali la siri nitakuwa pale nyuma karibu na mapipa ya maji.